Unajua Kazi Gani? Mwaka 1967 na Karatasi za Ujuzi

Kila anayeomba viza ya kazi, awe muuguzi wa Mwanza anayeitazama Uingereza au fundi bomba wa Thika anayeitamani Canada, hufika mahali kwenye fomu akakutana na swali ambalo kwa mdomo ni jepesi kabisa: unajua kazi gani? Mtaani swali hilo halimsumbui mtu. Atakuonyesha geti alilolichomelea, gauni alilolishona, gari lililolala wiki mbili likaamka. Kwenye fomu mambo ni mengine. Pale hawataki geti wala gauni. Wanataka karatasi inayosema kwamba geti lile ulilichomelea wewe, tangu lini, kwa saa ngapi kwa wiki, kwa mshahara gani, na nani ametia sahihi.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza swali hili lilipataje kuwa mlango. Maana haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kuna miaka ambapo mtu aliulizwa rangi yake kwanza na ujuzi wake baadaye, au asiulizwe kabisa. Nikisoma historia ya uhamiaji najikuta narudi kwenye miezi mitano tu, kati ya Oktoba 1967 na Machi 1968. Katika miezi hiyo serikali tatu, ya Canada, ya Kenya na ya Uingereza, ziliweka kanuni mpya za nani aingie au abaki. Na wapo watu waliopimwa kwa mizani zote tatu, tena ni watu wa kwetu, wa Afrika Mashariki. Ujuzi wao haukubadilika hata chembe katika miezi hiyo. Majibu waliyopewa ndiyo yaliyobadilika.

Fundi na shahidi wake

Kabla ya kufika huko, tuanze na neno lenyewe. Fundi ana mzizi mmoja na kufunda, kufundisha na mwanafunzi. Kwa Kiswahili, basi, fundi ni mtu aliyefundwa mpaka naye akaweza kufunda wengine. Ukitaka kumthibitisha fundi wa majahazi wa Matondoni kule Lamu, unauliza alikaa kwa nani akijifunza, na vyombo alivyoviunda viko wapi baharini. Mashahidi wake ni wawili: mwalimu na kazi yenyewe. Hata methali inalijua hilo. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Yaani mtoto aliyekulia kiwandani kwa baba yake, hata kama hajafua jembe, walau mivuo ameishika, na majirani wamemwona akiishika.

Ubaya wa ushahidi huu ni kwamba hausafiri. Unategemea watu wanaojuana. Ukivuka bahari ukafika mji ambao hakuna anayemfahamu mwalimu wako wala aliyewahi kupanda chombo chako, umekuwa mtu mwenye mikono miwili kama wengine.

Karatasi ilipokuja huku kwetu haikuja kutatua tatizo hilo. Ilikuja na kazi nyingine. Kati ya 1896 na 1901, kwa ajili ya reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, Waingereza walileta watu karibu 32,000 kutoka India, wengi wakiwa wa Punjab, kwa mikataba ya miaka mitatu. Karibu 2,500 walifia kazini, na waliobaki baada ya kazi kwisha hawakufika 7,000. Miongoni mwao walikuwamo waashi, maseremala na wahunzi. Hao waliingia nchini kwa sababu ya kazi iliyoandikwa kwenye mkataba, na mkataba ndio uliowaambia waanze lini na waondoke lini.

Mwafrika alipata karatasi ya namna yake. Huku Tanganyika, wakati wa Mjerumani, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kule Usambara mwanamume alitakiwa aijaze kwa kumfanyia kazi Mzungu, na mashamba ya mkonge yakaendelea kuhesabu kazi kwa kipande muda mrefu baada ya Mjerumani kuondoka. Kenya, sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilimtaka kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 awe na kipande chenye alama za vidole vyake, tarehe za kuanza na kuacha kazi, mshahara, na sahihi ya mwajiri. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Kama mwajiri hakutia sahihi kwamba amekuachia, mwajiri mwingine hakuruhusiwa kukuchukua. Hicho ndicho kipande alichokipinga Harry Thuku, na siku mbili baada ya kukamatwa kwake, tarehe 16 Machi 1922, watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kumdai walipigwa risasi.

Nataka tukumbuke jambo moja katika kipande, kwa sababu litarudi. Kilikuwa na maelezo mengi ya kazi, lakini hakikuwa cheti cha ujuzi. Kilijibu ulikuwa wapi, kwa nani, kwa shilingi ngapi, na kama umeruhusiwa kuondoka. Mtu angeweza kufanya useremala miaka 20, kikopo kikining'inia kifuani, na siku anapoulizwa unajua kazi gani asiwe na mstari hata mmoja wa kumtetea zaidi ya sahihi za waliomlipa.

Vocha za Uingereza

Sasa twende London. Mpaka 1962 raia wa makoloni na wa nchi za Jumuiya ya Madola waliingia Uingereza bila kuulizwa kazi. Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1962, ikaleta vocha za kazi za madaraja matatu. Daraja A lilikuwa la mwenye kazi inayomsubiri kule. Daraja B lilikuwa la mwenye ujuzi au sifa maalumu, kama muuguzi, mwalimu au daktari. Daraja C lilikuwa la wengine wote, asiye na ujuzi unaotambulika, na humo waliopigana vita upande wa Uingereza walipewa kipaumbele.

Ukiisoma juu juu unaona mpango wa haki. Haukutaja rangi popote. Lakini waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, R. A. Butler, alikuwa amewaeleza mawaziri wenzake mwaka 1961, katika waraka wa siri, kwamba uzuri mkubwa wa mpango huo ni kuwa unaweza kuonyeshwa kwa umma kama usiobagua, ilhali makali yake yamekusudiwa kuwaangukia watu wasio weupe karibu peke yao. Waraka huo leo uko wazi kwa anayetaka kuusoma. Kwangu ni moja ya nyaraka muhimu kabisa katika historia ya viza ya kazi, kwa sababu unatuonyesha swali la ujuzi likivalishwa joho ili lifanye kazi ya swali jingine.

Daraja C halikukaa. Kufikia mwishoni mwa 1964 vocha zake zilikuwa zimekoma kutolewa, na mwaka 1965 serikali ikalifuta rasmi na kuweka kikomo cha vocha 8,500 kwa mwaka, 1,000 kati ya hizo zikitengwa kwa ajili ya Malta. Mlango ukabaki kwa mwenye kazi mkononi na mwenye vyeti. Askari wa zamani asiye na cheti, ambaye miaka mitatu tu nyuma alikuwa mstari wa mbele wa foleni ya daraja C, sasa hakuwa na foleni.

Nairobi, Desemba 1967

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wasio Waafrika walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Sensa ya 1962 ilikuwa imehesabu Waasia zaidi ya 170,000. Baadhi waliomba, wengi hawakuomba, wakabaki na pasipoti za Uingereza walizopewa kama raia wa koloni. Sababu zilikuwa nyingi: hofu, mazoea, ndugu waliotawanyika nchi tatu, na kusitasita tu kwa mtu anayengoja aone upepo unavuma wapi.

Tarehe 1 Desemba 1967 Sheria ya Uhamiaji ya Kenya ikaanza kutumika. Asiye raia sasa alihitaji kibali ili afanye kazi, na kibali kilitegemea kama yupo mwananchi wa kuifanya kazi ile ile. Mwaka huo huo sheria ya leseni za biashara ikawawekea wafanyabiashara wasio raia mipaka ya wapi wauze na wauze nini.

Tuseme ukweli, Kenya ilikuwa na sababu. Ngazi ya kazi ya kikoloni ilijengwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Kijana wa Kiafrika aliyetaka ukarani au ufundi wa reli aliikuta nafasi imekwisha kukaliwa tangu hajazaliwa, na shule ya kumwezesha kuishindania hakupewa. Serikali huru isingeweza kuiacha ngazi ile isimame vilevile halafu iseme imepata uhuru. Ila chombo ilichokichagua ndicho kinachonivutia: ilimuuliza mtu unajua kazi gani, na ikimaanisha, kuna mwenzetu anayeijua? Karani mwenye miaka 15 kazini hakuambiwa hajui ukarani. Aliambiwa ukarani wake hauhitajiki tena kwake yeye. Ujuzi ule ule ambao jana ulimweka mezani, leo ulikuwa sababu ya kuinuliwa, kwa kuwa ni wa aina ambayo mwingine angeweza kufundishwa upesi.

Basi maelfu wakapanda ndege kwenda Uingereza na pasipoti zao za Kiingereza. Kule nako wakagundua kwamba pasipoti ni kitu kimoja na mlango ni kitu kingine. Waziri wa mambo ya ndani James Callaghan alipeleka muswada bungeni mwezi Februari 1968, ukapita kwa siku tatu, na tarehe 1 Machi ukawa sheria. Kuanzia hapo mwenye pasipoti ya Uingereza aliyetoka nje ya nchi hiyo aliingia bila kizuizi iwapo tu yeye, mzazi wake au babu au bibi yake alizaliwa Uingereza au aliupatia uraia kule. Wengine wakatengewa vocha maalumu 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la Waasia wa Afrika Mashariki, ilisema ubaguzi ule ulifikia kiwango cha kumdhalilisha mtu.

Mweke karani wetu hapo katikati. Nairobi imemwambia kazi yako anaiweza raia. London imemwambia uraia wako hautoshi, tunamuuliza babu yako. Kote kuwili, hakuna aliyemwambia aketi aandike barua moja ili waone kama kweli anajua ukarani.

Alama 50 za Canada

Wakati huo huo Canada ilikuwa imefanya jambo tofauti. Kwa miongo mingi sheria zake zilichagua watu kwa asili yao, na Mwafrika au Mwasia alikuwa mwishoni kabisa. Mwaka 1962 waziri Ellen Fairclough aliondoa sehemu kubwa ya ubaguzi huo kwenye kanuni, akaweka elimu na ujuzi mbele. Lakini ofisa aliyekaa kwenye dawati bado aliamua apendavyo nani ana ujuzi. Ndipo tarehe 1 Oktoba 1967 ukaanza mfumo wa alama, wa kwanza wa aina yake duniani, na baadaye nchi nyingine zikauiga.

Jedwali lenyewe ninalipenda kwa sababu linasomeka kama picha ya mtu ambaye serikali ilimtaka. Jumla ni alama 100, na ukipata 50 umepita. Elimu, alama 20, moja kwa kila mwaka wa shule. Tabia na uwezo wa kuzoea maisha mapya, jinsi ofisa anavyokuona kwenye usaili, 15. Kazi yako inavyohitajika sokoni, 15. Kiwango cha ujuzi wako, 10. Umri, 10 kwa wa miaka 18 hadi 35, na moja inapungua kila mwaka baada ya hapo. Kazi iliyokwisha kuahidiwa, 10. Kiingereza na Kifaransa, 10. Ndugu aliyeko kule, 5. Hali ya ajira katika mji uendao, 5.

Hebu tuwapime watu wawili wa kubuni. Karani wetu wa Nairobi, miaka 25, amesoma miaka 12. Elimu 12, umri 10, ujuzi tumpe 5, mahitaji ya soko 8, Kiingereza safi 5, mji 3. Anazo 43. Ofisa akimpenda kiasi cha 10, amefika 53 na anafungasha mizigo. Sasa seremala wa Mombasa, miaka 40, ameshika randa tangu ana miaka 15, shule alikaa miaka minne. Elimu 4, umri 5, ujuzi tumpe 6, soko 8, Kiingereza cha kubahatisha 2, mji 3. Jumla 28. Hata ofisa akimpenda kama mwanawe akampa zote 15, anaishia 43.

Miaka 25 ya randa imemletea alama 6. Na hata angekuwa fundi bora wa pwani nzima, ujuzi ungemfikisha 10, wakati benchi la shule peke yake lina 20. Hapo ndipo ninapoona uzito wa mwaka 1967. Mfumo wa alama ulikuwa hatua ya kweli. Kwa mara ya kwanza mtu wa Kampala na mtu wa Glasgow walijaza jedwali moja, na aliyekataliwa aliweza kuhesabu ni alama gani zilizompungukia. Asiyethamini hilo hajui kilichokuwapo kabla. Lakini jedwali lilipima ujuzi kwa miaka ya shule, na shule ndicho kitu ambacho Mwafrika wa koloni, na fundi wa asili yoyote, alinyimwa au hakukihitaji. Rangi ilitolewa mlangoni, ikabaki kivuli chake ndani ya safu ya elimu.

Kampala, siku 90

Miaka mitano baadaye jedwali hilo lilikuja lenyewe Afrika Mashariki. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90, mwisho tarehe 8 Novemba. Canada ikatuma kikosi cha maofisa kutoka ofisi yake ya Beirut, kikiongozwa na Roger St. Vincent, na tarehe 6 Septemba wakafungua milango Kampala. Foleni ilikuwa tayari imejaa barabara.

Walikuja na mfumo wa alama, lakini walikuwa na ruhusa ya kuulegeza: asiyefikisha alama angeweza kukubaliwa kwa sababu ya hali yake. Maofisa wakaketi, wakamwona mtu, wakazungumza naye, wakaamua. Ndege za kukodi zikaanza kuondoka kuelekea Montreal kabla Septemba haijaisha, na kufikia siku ya mwisho zaidi ya viza 6,000 zilikuwa zimetolewa.

Ninapofikiria Kampala ya 1972 ninaona kitu ambacho fomu za leo zinatusahaulisha. Serikali ikitaka kumwona fundi asiye na karatasi, inaweza. Haikuhitaji teknolojia yoyote. Ilihitaji meza, ofisa mwenye mamlaka ya kuamua, na nia. Na tusisahau upande wa pili: ruhusa ile ilitolewa kwa watu waliokuwa na jina zuri la biashara na elimu mbele ya walimwengu. Waganda Weusi waliokimbia utawala huo huo katika miaka iliyofuata hawakufunguliwa ofisi ya namna ile wala kupangiwa msururu wa ndege.

Uzoefu wa kule

Kilichowapata walioingia kimeandikwa vizuri zaidi katika riwaya kuliko katika ripoti. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, akahamia Canada mwaka 1978, alitoa *No New Land* mwaka 1991. Mhusika wake mkuu, Nurdin Lalani, ametoka Dar na familia yake wakapanga katika ghorofa za Don Mills, Toronto, kati ya majirani wengi waliotoka pwani hii hii. Anatafuta kazi, na anakutana na ukuta ambao wahamiaji wa Canada wanaujua mpaka leo: huna uzoefu wa Canada.

Tafakari jambo hilo. Mtu amechaguliwa kuingia nchini kwa alama alizopata kwa ajili ya kazi aliyoifanya nje. Akifika, anaambiwa kazi ya nje si kazi. Viza imemkubali na soko limemkataa, kwa karatasi zile zile. Ndiyo maana naiweka riwaya hiyo kwenye rafu moja na vitabu vya historia. Vassanji aliliona pengo kati ya ujuzi na utambuzi wa ujuzi, na akaonyesha linavyomla mtu taratibu, mezani kwake, mbele ya wanawe. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilikuja kutamka mwaka 2013, miaka 22 baada ya riwaya, kwamba kumdai mtu uzoefu wa Canada ni ubaguzi mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo.

Barua yenye nembo

Leo jedwali la Canada lipo bado. Kwa wafanyakazi wenye ujuzi wanaopimwa kwa alama 100, unahitaji 67. Lugha imepanda hadi 28, elimu 25, uzoefu wa kazi 15, umri 12, kazi iliyoahidiwa 10, na uwezo wa kuzoea 10. Ukilinganisha na 1967 unaona kwamba mkono umeongezewa kidogo na ulimi umeongezewa sana. Tangu 2013 kuna njia ya mafundi peke yao, jambo jema, lakini inataka ahadi ya kazi au cheti cha ufundi kinachotolewa na jimbo la huko huko Canada. Yaani, ili uruhusiwe kwenda, uwe umekwisha kutambuliwa na huko uendako.

Na uzoefu huthibitishwa kwa barua ya mwajiri. Ninaijua barua hii kwa sababu binamu yangu, fundi wa kuchomelea, aliniomba tuiandae pamoja. Inatakiwa iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, iwe na anwani na simu, ieleze cheo, majukumu, tarehe, saa za kazi kwa wiki na mshahara, na itiwe sahihi na msimamizi. Yeye amefanya kazi miaka 11. Minne ya mwanzo alikuwa kwa mzee aliyemfundisha, chini ya mwembe, na mzee huyo kampuni yake ni mwembe. Minne iliyofuata alikuwa kwenye karakana moja ambayo mwenyewe alikataa katakata kuandika barua, kwa kuwa kuandika mshahara na saa za kazi kungemfichua kwa watu wa kodi na wa mifuko ya jamii. Mitatu ya mwisho amejiajiri. Nikamuuliza nani atatia sahihi. Akacheka, akasema, "Si niandike mwenyewe kwamba najijua?"

Katika miaka 11, mwenye nembo alikuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekataa. Hapo nilikumbuka kipande. Kikopo cha bati hakipo, na hakuna askari anayemsimamisha mtu barabarani kumwuliza nani amemwachia. Lakini kuhama kwa fundi bado kunategemea sahihi ya mtu aliyemlipa, na mtu huyo anaweza kuinyima kwa sababu zake ambazo hazihusiani kabisa na kama fundi anajua kazi au hajui.

Kuna jambo linalofanyika. Hapa Tanzania, VETA hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani: wanapimwa kwa kazi wanayoifanya, wanaofaulu wanapata cheti. Kenya nako mafundi wa jua kali hufanya mtihani wa ufundi wa serikali kwa madaraja, kuanzia la tatu kupanda hadi la kwanza. Ninaupenda utaratibu huu kwa sababu unakaribia namna ya zamani ya kumjua fundi: anasimama mtu anayeijua kazi, anamtazama mwenzake akiifanya. Binamu yangu alifanya hivyo. Alipewa chuma, akakiunga, mtahini akakikagua kiungo, akaandika. Haikumchukua mtahini muda mrefu kujua. Fundi humjua fundi.

Hata hivyo cheti hicho kinamsaidia zaidi hapa kuliko kule. Ofisi ya uhamiaji bado inataka na barua, miaka, saa na mshahara. Kwa hiyo ninachowaambia vijana wa ufundi wanaoniuliza ni cha kawaida kabisa, na kimetokana na historia hii. Ukimaliza kazi, dai risiti au mkataba, hata wa mstari mmoja. Ukiwa na mwajiri mnayeelewana, barua iombe mkiwa bado mnaelewana. Piga picha kazi yako, andika tarehe na jina la mteja. Nenda ukapimwe hata kama huna mpango wa kusafiri. Karani wa 1967 alipita Canada si kwa sababu alikuwa mfanyakazi bora kuliko seremala, ila kwa sababu miaka yake 12 ilikuwa imeandikwa mahali. Ya seremala ilikuwa kwenye milango ya watu huko Mombasa, na milango ile, ninavyoijua mbao ya zamani ya pwani, mingine bado inafunguka na kufungwa vizuri tu.